Wale Si Sisi: Mandhari, Adui na Utunzi wa Ushirika katika Mchezo wa Ufyatuaji wa Nairobi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa na desturi ya kuipa mandhari nafasi ya mwisho. Mwanafunzi akitakiwa kuihakiki riwaya, huanza na maudhui, huja kwenye wahusika, hugusia lugha, kisha, akiwa amebakiwa na nusu ukurasa, huandika kwamba mandhari ya riwaya ni ya mjini au ya mashambani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upo utanzu wa usimulizi ambamo mpangilio huo hauwezi kusimama, kwa sababu ndani yake mandhari ndiyo inayosimulia. Utanzu huo ni mchezo wa kompyuta wa ufyatuaji, yaani ule ambao mchezaji huushika mtutu wa bunduki na kuuona ulimwengu kupitia macho ya anayefyatua.

Kazi itakayotushughulisha zaidi ni Nairobi X, mchezo uliotolewa mwaka wa 2015 na Black Division Games, kampuni ya Nairobi inayohusishwa na msanii Andrew Kaggia. Kisa chake ni chepesi kueleza: viumbe kutoka anga za mbali wameivamia Nairobi, na mchezaji ndiye mpiganaji anayepaswa kuukomboa mji. Tutaulinganisha na michezo miwili iliyoundwa ng'ambo lakini ikaitumia Afrika kama uwanja wake: Far Cry 2 ya Ubisoft Montreal (2008) na Resident Evil 5 ya Capcom ya Japani (2009).

Hoja zetu ni tatu. Kwanza, katika utanzu huu anayepanga kuta, njia na mwanga ndiye anayetekeleza kazi ambayo katika riwaya hutekelezwa na msimulizi. Pili, utunzi huo ni wa ushirika, na kiongozi wa kundi la wachoraji anastahili kuhesabiwa kuwa mtunzi. Tatu, uzito wa kimaadili wa mchezo kama huu haumo katika wingi wa damu bali katika kuamua nani awekwe ndani ya mandhari na nani aondolewe.

Huenda msomaji akauliza iwapo kitu hiki ni fasihi. Swali hilo si geni. Liliulizwa juu ya fasihi simulizi kwa kuwa haikuandikwa, na juu ya tamthilia kwa kuwa haikamiliki mpaka iigizwe. Mara zote mbili jibu halikupatikana kwa kubishana juu ya jina. Lilipatikana wahakiki walipoketi wakaichambua kazi yenyewe. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Nafsi ya kwanza isiyosema "mimi"

Michezo hii huitwa ya nafsi ya kwanza. Mwanafunzi wa naratolojia atashawishika kuamini kwamba anakutana na msimulizi yule anayemfahamu katika riwaya, anayesema "mimi" na kutushirikisha katika mawazo yake. Sivyo. Katika mchezo wa ufyatuaji hakuna "mimi" anayezungumza. Kuna mikono miwili inayoonekana chini ya kioo, silaha, na ulimwengu ulio mbele. Anayesema ni ulimwengu huo, na husema kwa nafsi ya pili: pita hapa, jikinge pale, usiingie kule. Mlango ulioachwa wazi ni kitenzi cha kuamrisha. Taa moja inayowaka mwishoni mwa kichochoro chenye giza ni kishazi kinachomwita mchezaji. Ukuta usiopandika ni katazo.

Lessing, katika Laokoon (1766), alitofautisha ushairi, ambao hupanga mambo yake katika wakati, na uchoraji, ambao huyapanga katika nafasi. Mchezo wa ufyatuaji hauuheshimu mpaka huo. Wakati wake hupimwa kwa nafasi: sura inayofuata haifiki kwa sababu ukurasa umefunuliwa bali kwa sababu mchezaji amevuka ua. Henry Jenkins aliyaeleza haya mwaka wa 2004 alipopendekeza kwamba waundaji wa michezo watazamwe kama wasanifu majengo wa usimulizi. Espen Aarseth, kabla yake, mwaka wa 1997, alikuwa ameonyesha kwamba zipo matini ambazo msomaji hawezi kuzisoma bila kufanya kazi ya kuchagua njia. Kwa msomaji wa Kiswahili haya hayapaswi kushangaza. Mtambaji wa ngano anayesubiri hadhira iitikie ndipo aendelee, na kitendawili kisichokamilika mpaka kiteguliwe, vilitufunza zamani kwamba yapo masimulizi yasiyosonga bila mkono wa anayeyapokea.

Kiongozi wa wachoraji kama mtunzi

Mchezo hugawanywa katika sehemu ambazo vijana wetu huziita levo. Sisi tutaziita hatua. Ni vyema kueleza jinsi hatua moja inavyojengwa, maana mhakiki asiyejua ufundi wa kazi huishia kuuhukumu muhtasari wa kisa.

Kwanza hujengwa umbo tupu la kijivu: visanduku vinavyosimama badala ya nyumba, ngazi na magari. Umbo hilo huchezwa na kurekebishwa hadi ijulikane kwamba umbali kati ya kinga moja na nyingine unamtosha mkimbiaji, kwamba mapito membamba hayamnasi mchezaji bila sababu, na kwamba kutoka dirisha fulani mtu huona anachotakiwa kuona na si zaidi. Hapo ndipo wachoraji huingia. Huvivisha visanduku vile mawe, mabati, kutu, rangi, vumbi na kivuli. Kwa kuwa kompyuta ina kikomo cha inachoweza kubeba, hawachori kila nyumba upya. Huunda vipande vichache, ukuta mmoja, dirisha moja, ngazi moja, kisha huvipanga kwa namna nyingi.

Mbinu hii ya vipande inalingana kwa karibu na fomula za watunzi wa tenzi za kughani ambazo Albert Lord alizichunguza katika The Singer of Tales (1960). Mghani hana muda wa kubuni kila mshororo. Ana hazina ya vifungu anavyovigeuza kulingana na mahitaji ya mizani. Sifa yake haitokani na kutorudia bali na kurudia pasipo kuchosha. Ndivyo ilivyo kwa hatua ya mchezo. Mchezaji akitambua kwamba dirisha la ghorofa hii ndilo lililokuwa kwenye ghorofa ile, ulimwengu huporomoka machoni pake kama vina vilivyolazimishwa.

Kiongozi wa kundi la wachoraji ndiye anayehakikisha kwamba hauporomoki. Huamua mwongozo wa rangi na umbo, hugawa kazi, huyapitia yaliyochorwa na mikono mingi mpaka yafanane na kazi ya mkono mmoja, na hukata kile ambacho mashine haiwezi kubeba. Kukata huko ndiko kunakomtambulisha kuwa mtunzi. Akilazimika kuchagua kati ya kuchora vizuri paa la jumba refu au kuchora wauza mahindi ya kuchoma chini yake, uamuzi wake si wa kiufundi tu. Ni uamuzi juu ya Nairobi ni nini.

Utunzi wa ushirika si jambo jipya kwetu. Harakati za Ukombozi (1982) iliandikwa na Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na hatujawahi kuiona kuwa tamthilia pungufu kwa sababu ina watunzi watatu. Tofauti ni kwamba katika mchezo wa kompyuta majina ya watunzi hupita mwishoni kwa kasi, huku jina la kampuni likibaki kwenye jalada. Uhakiki unaojali watunzi hauna budi kuyasoma majina hayo yanayopita.

Bara lisilo na wenyeji

Far Cry 2 inasifiwa, na kwa haki, kwa ustadi wa mandhari yake. Waundaji wake, wakiongozwa na Clint Hocking, waliunda nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kuijaza nyika inayoshika moto, bunduki zinazopata kutu na kukwama, na malaria inayomshika mchezaji mwenyewe. Moto unaofuata upepo katika nyasi kavu ni mandhari inayotenda, si pazia la nyuma. Mchoraji wa riwaya ya kihalisia angeuonea wivu ustadi huo.

Hata hivyo, katika nyika hiyo pana raia karibu hawapo. Barabarani mchezaji hukutana na watu wenye silaha, nao humfyatulia. Wale wachache wasio na silaha huonekana wakiwa wamejificha, nao huhitajika kwa sababu wanampatia dawa ya malaria akiwapelekea hati za kusafiria. Hakuna soko lenye wauzaji, hakuna shule iliyofunguliwa, hakuna mwanamke anayechota maji. Wengi wameuhusisha mchezo huu na Heart of Darkness ya Joseph Conrad (1899), na uhusiano huo unatupeleka moja kwa moja kwenye hoja ya Chinua Achebe katika mhadhara wake wa 1975: kwamba katika riwaya ile Afrika imefanywa jukwaa la msukosuko wa nafsi ya Mzungu mmoja, na Mwafrika kama binadamu akaondolewa. Yaliyosemwa juu ya aya za Conrad yanaweza kusemwa juu ya ramani ya Far Cry 2, ila hapa kuna ziada: utupu umekuwa sharti la mchezo. Kila anayesogea ni halali kufyatuliwa; kwa hiyo asiyefaa kufyatuliwa ni lazima asiwepo.

Resident Evil 5 ilichukua njia nyingine. Iliwaweka wenyeji, kisha ikawageuza. Katika eneo la kubuni la Kijuju, lililowekwa Afrika Magharibi, wanakijiji wameambukizwa wakawa viumbe vya kuuawa, na viumbe hivyo vinaitwa Majini. Lalamiko juu ya picha za Mzungu akiwafyatulia Waafrika lilianza tangu tangazo la mchezo huo lilipoonyeshwa mwaka wa 2007. Lililotajwa kwa nadra ni suala la lugha. Neno la Kiswahili limeokotwa na kupelekwa upande wa pili wa bara, likapewa kazi ya kumtia jina yule anayestahili risasi. Katika mapokeo ya pwani yetu jini si jina la uovu mtupu. Jini ana ukoo, ana dini, ana makao yake katika mbuyu, pango au bahari. Yupo mwema na yupo mkorofi, na mtu huweza kufanya naye mapatano. Kwa maneno mengine, jini wa Waswahili ana mandhari na ana historia. Majini wa Capcom hawana lolote kati ya hayo isipokuwa jina.

Nairobi X na adui asiye na kabila

Tukirejea Nairobi, thamani ya kwanza ya Nairobi X inaonekana mara moja: mji una jina. Si nchi isiyotajwa wala eneo la kubuni. Mchezaji si mgeni aliyeshuka kwenye ndege kuja kuwatafuta wabaya wa Kiafrika. Ni mlinzi wa mji wake. Kabla ya hapo Wesley Kirinya alikuwa ameshatoa mchezo wa pande tatu, The Adventures of Nyangi (2007), kwa hiyo Nairobi X haikutoka katika ombwe. Ila kuuchukua utanzu wa ufyatuaji, uliozoea kuja kwetu kama mgeni mwenye bunduki, na kuukabidhi kwa mwenyeji, ni tendo la kifasihi lenye uzito wake.

Thamani ya pili imo katika uteuzi wa adui, na hapa muktadha ni muhimu. Mnamo tarehe 21 Septemba 2013 jumba la biashara la Westgate, Westlands, lilishambuliwa na watu 67 wakauawa. Mwezi wa Aprili 2014 msako wa polisi uliojulikana kama Usalama Watch uliwakumba maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Tarehe 2 Aprili 2015 wanafunzi na wengine, jumla yao 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Nyuma ya hayo yapo machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 walikufa na jirani akamwona jirani kuwa adui. Katika nchi yenye historia hiyo, kuunda mchezo ambamo mtu anafyatua risasi katika mitaa ya Nairobi ni kukabiliwa na swali moja lisilokwepeka: aliye mbele ya mtutu atakuwa na sura ya nani? Ukimpa jina, umemtaja jirani yako. Ukimvisha vazi fulani, umeashiria dini yake. Uamuzi wa kumtoa adui nje ya dunia haukuhitajika Los Angeles au Tokyo kwa namna ulivyohitajika hapa.

Kaggia hakuwa mgeni wa mbinu ya kuzungumza kwa mzunguko. Katika filamu yake fupi ya vikatuni, Wageuzi: Battle 2012 (2011), aliwafanya wanasiasa wa Kenya kuwa magari yanayojigeuza na kushindana kuelekea uchaguzi. Jina lenyewe limenyambuliwa kwa ustadi: anayegeuka na anayegeuza wanakutana katika neno moja. Katika tashtiti ile kila mtazamaji alijua nani ni nani. Katika Nairobi X hakuna wa kutambuliwa. Hapo ndipo tunapoona faida na hasara ya uteuzi ule kwa pamoja. Kiumbe wa anga hamchongei jirani yeyote, lakini pia hamwambii mchezaji jambo lolote juu ya sababu za mji wake kushambuliwa. Uovu umetoka nje kabisa; ndani hakuna wa kuulizwa.

Katama Mkangi alikuwa ameshaielekea njia ya pili miaka 20 kabla. Katika Walenisi (1995), Dzombo aliyehukumiwa kifo anatiwa katika chombo cha angani na kufika kwenye ulimwengu mwingine ambao jina lake, likikatwa vipande, linasema kwamba wale ni sisi. Chombo cha angani kwa Mkangi ni njia ya kututoa kwetu ili tujione upya. Aliye mbali anageuka kuwa kioo. Katika Nairobi X safari imegeuzwa mwelekeo. Chombo kinatua kwetu, na kilicho ndani yake kinabaki kuwa wale, wala hakiwi sisi. Bunduki haiwezi kumgeuza wale kuwa sisi. Huo ni mpaka wa utanzu wenyewe zaidi kuliko udhaifu wa kundi moja la wasanii, lakini mhakiki ana wajibu wa kuutaja mpaka huo ulipo.

Mji uliokwisha kujengwa kama hatua

Lipo jambo jingine ambalo kiongozi yeyote wa wachoraji anayejenga hatua kutokana na Nairobi hana budi kukabiliana nalo: mji huu ulishapangwa na wengine kwa nia ya kuelekeza miguu ya watu. Ukoloni uliwatenga wakazi kwa rangi, Wazungu wakapewa nyanda za juu za magharibi, Waasia Parklands na maeneo jirani, Waafrika mashariki. Kenyatta Avenue ya leo iliitwa Delamere Avenue. Mtu akienda kutoka Jamhuri hadi Kibera hutembea mwendo mfupi, lakini huvuka mpaka ambao hakuna ukuta unaohitajika kuuonyesha. Meja Mwangi katika Going Down River Road (1976) aliuandika mji kwa kuteremka: mtu huteremka kutoka sehemu moja ya jiji hadi nyingine, na kila hatua ya kuteremka ni hoja ya kitabaka.

Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998 lililobomoa ubalozi wa Marekani, na tena baada ya Westgate, mji uliongezewa safu nyingine ya mpangilio: vizuizi vya saruji mbele ya majengo, vioo vya kuchungulia chini ya magari, milango ya kukagulia miili ya watu. Msamiati wa hatua ya mchezo, yaani kinga, mapito membamba na upeo wa macho, umekuwa msamiati wa jiji lenyewe. Mchoraji anayekiweka kizuizi cha saruji kifike kiunoni ili mchezaji ajikinge hajabuni kitu. Amenakili. Swali la kihakiki ni iwapo nakala hiyo inamfanya mkazi akione upya kizuizi alichokwisha kukizoea, au inakifanya kionekane kuwa sehemu ya asili ya dunia kama mti.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho tungependa kukipendekeza kwa wanafunzi, nacho ni maandishi ya ukutani. Nairobi ni mji ulioandikwa: majina ya matatu, mabango ya vinyozi, vibanda vya M-Pesa vilivyopakwa kijani tangu huduma hiyo ianze mwaka wa 2007, matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme, maonyo kwa wanaokojoa ukutani. Kiswahili, Kiingereza na Sheng hugongana katika ubao mmoja. Wachoraji wa ng'ambo wakiujenga mji wetu, maandishi huwa mapambo, kama vile wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin katika mchezo wa Civilization IV (2005), ambamo sala ya Kiswahili huimbwa kwa uzuri mkubwa mbele ya hadhira ambayo kwa sehemu kubwa husikia sauti pasipo maana. Tukiweka wimbo huo kando ya Majini wa Capcom, tunaona lugha yetu ikipewa kazi mbili katika michezo ya dunia: kupamba mbingu na kuwaita mashetani. Kazi ya tatu, ile ya mtu kuzungumza na mwenziwe sokoni, bado inasubiri watunzi. Hatua iliyojengwa na mwenyeji inaweza kuifanya, kwa sharti kwamba kiongozi wa wachoraji akiona nafasi imepungua, asikate bango la kinyozi kwanza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika mchezo wa ufyatuaji mandhari ndiyo msimulizi, na kwamba anayeongoza wachoraji wa mandhari hiyo ni mtunzi anayepaswa kuulizwa yale tunayomwuliza mwandishi wa riwaya. Far Cry 2 iliiumba Afrika kwa ustadi kisha ikaifuta watu wake. Resident Evil 5 iliwaacha watu ikawanyang'anya utu kwa neno la lugha yetu. Nairobi X ilikataa yote mawili: iliupa mji jina, ikampa mwenyeji nafasi ya mlinzi, na ikakataa kumfanya jirani kuwa shabaha. Kwa hilo inastahili kusomwa. Haikufika alikofika Mkangi, kule ambako anayekuja kutoka mbali anatulazimisha tujitazame.

Kwa idara zetu matokeo yake ni ya kivitendo. Miongoni mwa wanafunzi tunaowafundisha wapo watakaoandika majina ya mitaa, maneno ya mabango na mazungumzo ya wapita njia katika kazi za aina hii. Tukiendelea kuwafundisha kwamba mandhari ni mistari miwili ya kuongezwa mwishoni mwa insha, watafika mbele ya umbo lile la kijivu wakiwa hawajui kwamba tayari wameshikishwa kalamu.